Uso wa Maji Ndio Mlango: Hotuba kwa Wafugaji wa Samaki wa Maji ya Chumvi, Kampala

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi mbele ya wenzetu wanaofuga samaki wa mapambo hapa Kampala. Nimeyaandika yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchuja maji katika tangi la samaki wa baharini. Najua neno chujio likitajwa, mawazo ya wengi wenu yanakimbilia ndani ya kabati, kwenye lile kopo lenye sponji na mkaa linalonguruma chini ya tangi. Leo nawaomba mliache kopo hilo kwa muda. Inukeni nami hadi juu, kwenye uso wa maji. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia bila kuchoka: katika tangi la chumvi, toa uchafu kabla haujaoza. Na uchafu ambao haujaoza hupenda kukaa wapi? Juu. Hukusanyika pale maji yanapokutana na hewa, na hapo ndipo pa kuukamatia.

Kwanza tukumbushane tulipo. Sisi hatuna bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Kila lita ya bahari iliyomo tangini mwako umeitengeneza mwenyewe, kwa maji yaliyosafishwa na chumvi ya kununua, gramu 35 hivi kwa lita. Tangi la lita 360 hula zaidi ya kilo 12 za chumvi siku ya kwanza tu, na chumvi hiyo imepanda meli, ikapanda na lori, kabla haijafika mkononi mwako. Maji yakikuharibikia huna ufuo wa kwenda kuchota mengine. Kwa hiyo sisi wa huku, kuliko watu wa pwani, tuna kila sababu ya kujua uchafu unaingiaje na unatokaje.

Na kwa kuwa kuna mzee wangu mmoja aliyeniuliza pale mlangoni kuhusu chumvi ya Katwe, nimjibu hapa ili wote wasikie. Chumvi ya Katwe ya Kasese ni mali yetu, na watu wamekuwa wakiivuna tangu zamani. Lakini Ziwa Katwe si bahari. Chumvi yake imejaa kaboneti na salfeti za sodiamu, na kalsiamu na magnesiamu ni haba. Maji ya bahari yana kalsiamu miligramu 400 hivi kwa lita, na magnesiamu kama 1,300. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hiyo. Mzee wangu, chumvi ya Katwe iache ifanye kazi yake kwingine. Tangini tutumie chumvi iliyochanganywa kwa ajili ya bahari.

Sasa twende kwenye uso wa maji.

Kuna hoteli moja upande wa barabara ya Entebbe ambayo mwenyewe aliniita kwa haraka. Samaki wake walikuwa wanahema. Kila alfajiri mlinzi anawakuta wote juu, midomo ikigusa hewa, na wawili walikuwa wamekwisha kufa. Nikafika. Maji yalikuwa maangavu, unaona hadi kioo cha nyuma. Nikapima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu unaooza: hakuna. Nikapima nitriti, sumu inayozaliwa na amonia: hakuna. Kopo la kuchujia lilikuwa jipya, la bei kubwa, linazunguka vizuri. Je, tatizo lilikuwa wapi?

Nikakata kipande cha karatasi nyeupe ya tishu, nikakilaza juu ya maji, nikakiinua. Kikaja na mafuta ya manjano. Nikainama, nikatazama uso wa maji kutoka chini, kupitia kioo, kwa mshazari. Palipopaswa kuwa na mng'ao safi palikuwa na ngozi nzito yenye vumbi na vipande vya chakula vilivyonata. Tangi lilikuwa hatua chache kutoka jikoni, na mvuke wa mafuta ya kukaangia ulikuwa ukitua juu yake mchana kutwa. Na lile kopo la bei kubwa? Lilikuwa linavuta maji kutoka chini na kuyarudisha chini. Maji ya chini yalikuwa yanazunguka kwa bidii, huku ya juu yamelala tu.

Ndugu zangu, oksijeni inaingilia wapi katika tangi? Kwenye sponji? Hapana. Kwenye mkaa? Hapana. Huingia pale maji yanapogusana na hewa, basi. Uso wa maji ndio mlango. Mlango ukipakwa mafuta na kuachwa umefungwa usiku kucha, wakati mwani nao umeacha kutoa oksijeni kwa kukosa mwanga, samaki watahema alfajiri, hata kama maji yanang'aa.

Na hapa Kampala mlango wenyewe ni mwembamba tangu mwanzo. Tusikilizane vizuri, maana hili halimo katika maelekezo mengi yanayoandikwa na watu wanaoishi kando ya bahari. Maji yasiyo na chumvi, yakiwa na joto la nyuzi 25, usawa wa bahari, hubeba oksijeni kama miligramu 8.2 kwa lita. Yatie chumvi ya bahari, yanashuka hadi 6.7 hivi. Sasa yapandishe hadi Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10: hayafiki hata 6. Na hicho ndicho kiwango cha juu, tangi likiwa safi na linatikiswa vizuri. Samaki wa Mombasa aliyeletwa Kololo tayari anaishi kwa pumzi ndogo kuliko aliyozoea. Tusimwongezee utando.

Utando huo ni kitu gani hasa? Chakula cha samaki kina mafuta na protini. Samaki wana ute, matumbawe hutoa kamasi, mwani ukifa hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake. Vingi kati ya hivyo ni molekuli zenye pande mbili: upande mmoja unapenda maji, upande wa pili unayakimbia. Molekuli ya namna hiyo huzurura ndani ya maji mpaka ifike mpakani, maji yanapokutana na hewa. Ikifika hapo, upande unaopenda maji hubaki majini na upande unaoyakimbia huelekea hewani. Haina sababu ya kuondoka tena. Zikija nyingi hupangana na kushikana, na huo ndio utando. Naomba mlishike hili la pande mbili, kwa sababu likieleweka, skima nayo, kile kifaa cha kuengua uchafu kwa povu, imekwisha kueleweka.

Dawa ya utando ni ukingo. Nina maana ya kisanduku cha kufurikia: sehemu ya tangi iliyotengwa kwa kioo au plastiki, yenye ukingo uliokatwa meno upande wa juu, na tundu chini linaloshuka hadi tangi la pili lililomo kabatini. Maji yakijaa hufurika juu ya ukingo, na yanayofurika ni yale ya juu kabisa, pamoja na utando wake. Pampu iliyo katika tangi la chini huyarudisha juu. Huna haja ya kuusaka utando kwa kijiko wala kwa tishu. Unajipeleka wenyewe.

Lakini si kila ukingo ni ukingo. Chukueni tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 60, zile lita 360. Pampu inarudisha lita 1,800 kwa saa, yaani mara 5 ya ujazo, na mimi naona hicho ni kiasi kizuri. Ukingo ukiwa na urefu wa sentimita 40, maji yatapita juu yake yakiwa na unene wa milimita 8 hivi. Ukiwa na sentimita 10 tu, maji yaleyale yatahitaji unene wa kama sentimita 2 ili yapite. Mnaona tofauti? Tabaka jembamba huvuta ngozi ya juu. Tabaka nene huvuta maji ya katikati pia, na utando unabaki ukiyumba pale pembeni. Meno nayo, ambayo tunayaweka ili samaki wasipotee, hula nafasi. Ukiyakata mapana kupita kiasi umeufupisha ukingo nusu nzima. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue pampu kubwa au arefushe ukingo, jibu langu halibadiliki: refusha ukingo.

Tangi hili la chini si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1871, kwenye Crystal Palace kule London, ilifunguliwa akwariamu kubwa iliyoongozwa na William Alford Lloyd. Naye alikuwa na shida kama yetu, kwa sababu maji ya bahari hayakuwa mlangoni pake. Alichofanya ni kujenga hodhi kubwa chini, gizani, lenye maji mengi kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa, na pampu zikayazungusha usiku na mchana. Maji yaliyochoka yakashuka kwenye maji mengi, yenye ubaridi, ambamo mwani haukui kwa kukosa mwanga. Hakuwa na skima. Hakuwa na vifaa vyetu hivi vya kupimia. Lakini alielewa kwamba maji unayoyaona na maji yanayotibiwa si lazima yakae mahali pamoja. Huko chini ndiko tunakoficha kila kitu leo: hita, vipimo, na skima yenyewe.

Tuje kwenye skima. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Kwa umbo, skima ni bomba nene la plastiki lililosimama, lenye shingo nyembamba na kikombe kilichokaa juu ya shingo. Chini kuna pampu inayovuta maji na hewa kwa pamoja. Gurudumu la pampu hiyo halina mapanga ya kawaida. Lina vijiti vyembamba vingi, na vijiti hivyo huikatakata hewa kuwa viputo vidogo mno, hata maji ndani ya bomba hugeuka meupe. Kwa nini viwe vidogo? Kwa sababu kila kiputo ni uso wa maji. Narudia: kila kiputo ni uso wa maji. Uso wa lile tangi letu ni mita za mraba 0.6. Lita moja tu ya hewa, ikikatwa kuwa viputo vya upana wa milimita moja, inatoa uso wa mita za mraba 6. Mara 10! Na skima haikati lita moja na kulala, inakata mamia ya lita kila saa.

Sasa zile molekuli zenye pande mbili, zinazotafuta mpaka wa maji na hewa, zinakutana na mipaka hiyo yote ikipanda mbele yao. Zinashika. Viputo vinapanda navyo vimevaa uchafu, vinabanana shingoni, maji yanachuruzika kurudi chini, povu linabaki kavu zaidi na zito zaidi, linasukumwa na linalofuata, mpaka linamwagikia kikombeni. Mama zangu mnaopika maharage mnaijua kazi hii: povu la kwanza unaliengua mapema, maana ukilichelewesha linarudi mchuzini. Skima inaengua hivyo saa 24. Na kilichoingia kikombeni kimekwisha kutoka majini. Hakitaoza, hakitageuka amonia, hakitamlisha mwani. Toa uchafu kabla haujaoza!

Sponji haifanyi hivyo. Sponji hukamata uchafu na kuuacha ndani ya maji yaleyale, uoze hapohapo. Usipoiosha kila baada ya siku mbili tatu imekuwa ghala la kuozeshea. Mfuko wa kuchujia vivyo hivyo. Sisemi msivitumie. Nasema mtu asiye na muda wa kuviosha aviache kabisa.

Kijana mmoja wa Jinja alinipigia simu kwamba ameuziwa skima mbovu. Inanguruma, viputo vipo, lakini kikombe kikavu wiki ya tatu. Nikamuuliza, umeiweka wapi? Akasema kwenye tangi la ngege. Skima haikuwa mbovu. Katika maji baridi ya ziwa viputo vikigusana huungana, vinakuwa vikubwa, vinapanda haraka na kupasuka bila kubeba kitu. Chumvi ya bahari huvizuia visiungane, ndiyo maana hubaki vidogo na vingi. Waliotembea ufuoni Mombasa au Tanga wakati wa kusi wamekwisha kuiona skima ya Mwenyezi Mungu: lile povu zito la rangi ya kahawia linalotupwa mchangani na mawimbi. Hapo bahari inajiengua yenyewe.

Na kuna hajat mmoja wa Old Kampala, mtu makini sana na tangi lake. Aliniambia, "Mwanangu, mbona kila Ijumaa mashine yangu inanyamaza?" Nikamwomba anieleze anachofanya siku hiyo. Anaoga, anajipaka mafuta mazuri, anakwenda msikitini, na akirudi anawalisha samaki na kupanga jiwe lililoanguka, mkono hadi kwenye kiwiko. Mafuta! Mafuta kidogo tu huvunja povu. Skima hulala saa kadhaa, mafuta yanaisha, inaamka. Haijaharibika na usiiguse. Sabuni ni kinyume chake. Ukisuuza kikombe kwa sabuni ya vyombo na kukirudisha, povu jeupe litafurika mpaka sakafuni. Kikombe na shingo vioshwe kwa maji matupu, na shingo isipite wiki bila kufutwa, kwa sababu grisi ikishika pale povu halipandi.

Skima mpya nayo inahitaji subira. Siku za kwanza itafanya mambo ya ajabu, mara imelala, mara inafurika, mpaka plastiki yake ishike ute. Usiizungushe vali kila saa. Weka maji ya tangi la chini katika kimo kilichoandikwa na mtengenezaji, na uhakikishe kimo hicho hakibadiliki, kwa kuwa skima huathirika na sentimita moja. Na kimo hubadilikaje? Maji yanapokauka. Ukingo hulishikilia tangi la juu palepale, kwa hiyo upungufu wote huonekana chini. Kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ongeza maji matupu yaliyosafishwa, usiongeze ya chumvi, la sivyo kila wiki tangi linazidi kuwa kali.

Mrija wa hewa wa skima nao usiuache ndani ya chumba kilichofungwa au karibu na sigiri ya makaa. Unachokivuta wewe ndicho inachokivuta yenyewe. Chumba chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa kina kaboni dayoksaidi nyingi, na hiyo hushusha pH ya tangi, yaani huyasogeza maji upande wa asidi. Upitishe mrija nje ya dirisha, utaona pH ikipanda.

Lakini nisiwadanganye. Skima haiondoi kila kitu. Mkemia Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, alipima skima kadhaa na kukuta kwamba zinaondoa theluthi moja au chini ya hapo ya kaboni ogania, yaani kaboni ya uchafu uliotokana na viumbe, iliyomo majini. Sehemu kubwa hainasi kwenye viputo. Amonia hainasi, nitrati hainasi. Basi hiyo inayobaki nani ataishughulikia?

Mawe. Mawe ya matumbawe yenye vitundu, na bakteria waliomo. Hapa nitapita haraka kwa sababu wengi wenu mnalijua: kuna wanaogeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, na ndani kabisa ya jiwe, ambako oksijeni haifiki, wapo wanaoivunja nitrati kuwa gesi ya nitrojeni ikapanda na kwenda zake hewani. Mji huu wa bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujengeka, na hakuna chupa ya bakteria ya dukani inayokuruhusu kununua samaki 10 siku ya pili. Katika maji ya chumvi haraka hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu pH yetu ni 8.1 hadi 8.4. Kila pH inapopanda kwa namba moja, kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki huongezeka karibu mara 10. Amonia ambayo kambale wa maji baridi anaivumilia, samaki wa matumbawe haivumilii.

Mawe hai na skima yenye nguvu: hiyo ndiyo inayoitwa njia ya Berlin, na mimi ndiyo ninayoifuata. Skima inapunguza mzigo, mawe yanamalizia. Mkaa wa kuchujia, ule wa vifuu vya nazi, uweke kidogo kuondoa manjano ya maji, na ubadilishe kila mwezi. Umetosha.

Jambo la mwisho, nalo ni zito kwa sisi wa Uganda. Umeme ukikatika, nini kinatokea?

Kliniki moja ya meno huko Ntinda ilikuwa na tangi zuri, lenye ukingo mzuri, lenye skima nzuri. Fundi aliyelifunga, ambaye simjui, alishusha bomba la kurudishia maji sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwa kuwa lilionekana nadhifu zaidi hivyo. Usiku umeme ukakatika. Pampu ikasimama. Na bomba lililokuwa linapandisha maji likaanza kuyashusha, lenyewe, bila pampu, kwa sababu limejaa maji na mdomo wake mmoja uko juu na mwingine uko chini. Likaendelea mpaka mdomo wa juu ulipofikiwa na hewa. Hesabuni nami: sentimita 120 kwa 50 kwa 15. Lita 90! Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 30. Zilizobaki zilikwenda chini ya mlango, kwenye zulia la chumba cha kusubiri, hadi kwenye waya wa kompyuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya chumvi yakishamwagika kwenye waya yanaendelea kula shaba hata baada ya kukauka.

Kinga yake ni kitundu. Toboa kitundu cha milimita 5 hivi kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo kitundu kinavuta hewa, mvuto unakatika, maji yanasimama. Kila wiki kipitishie kijiti, maana konokono na mwani hupenda kukaa hapo. Na kabla ya kumlipa fundi, mwambie, "Ndugu yangu, zima umeme nione." Azime. Msubiri wote wawili mpaka maji yaache kushuka. Tangi la chini lisipofurika, mlipe. Likifurika, bado hajamaliza kazi. Halafu awashe tena, mtazame kama skima haitafurika kwa kukuta maji yamepanda.

Ukingo una faida nyingine umeme ukikatika: bakteria wako wako kwenye mawe, mahali pa wazi, na wanaendelea kupata hewa kidogo. Wale waliofungiwa ndani ya kopo humaliza oksijeni yao kwa saa chache, wanaanza kufa, na umeme ukirudi kopo hilo linamwaga maji mabovu moja kwa moja kwa samaki. Mwenye kopo, umeme ukikatika kwa muda mrefu, alifungue na kuliosha kabla ya kuliwasha. Na kila mmoja wenu awe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Tangini humo hakuna kinachokufa haraka kama samaki wakubwa wanaokosa hewa, na kumbukeni tena zile namba: sisi hatufiki hata 6.

Kwa wale ambao bado hawajajenga, na nimeona mikono mingi: amueni ukingo kabla kioo hakijagundishwa. Mwambieni fundi wa vioo mapema urefu wa kisanduku, mahali pa tundu la kushushia na mahali pa tundu la akiba, kwa sababu tundu moja likizibwa na konokono au jani la mwani lazima kuwe na la pili. Muulizeni pia kama kioo cha chini kimetiwa moto kiwandani ili kiwe kigumu. Kioo cha namna hiyo hakitobolewi, ukikigusa tu kwa keekee kinasambaratika chote. Tobo likishapatikana na ukingo ukawa mrefu, mengine yote mnaweza kuyaongeza pole pole kadiri mfuko unavyoruhusu, hata skima yenyewe mkaanza na ya kati kisha mkabadilisha. Lakini ukingo hauongezwi kirahisi kwenye tangi lililokwisha jaa.

Nimekuja na kisanduku kimoja na skima mbili, moja mpya na moja iliyofanya kazi miaka mingi. Vijana wanaanza kuzipitisha upande wa kulia. Ifungueni shingo, ingizeni kidole, mguse ile grisi ya ndani ambayo nimeiacha makusudi. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na waliokaa nyuma.